Jinsi ya kuibana namba kubwa mpaka itoboe siri zake (tunatumia 123,456,789)

Mpe mtu namba ndefu umwambie akuelezee chochote kuhusu hiyo namba, wengi wanaishia kusema "ni witiri" basi, alafu wanakimbilia kompyuta. Kompyuta sio dhambi, mi mwenyewe natumia, ila kama hujui njia inayopita basi hata ikikupa jibu hujui limetoka sawa au umeingiza namba vibaya. Na kuna raha yake kukaa na namba moja, karatasi na kalkuleta ya kawaida, mpaka unaijua nje ndani.

Tutatumia 123,456,789. Nimeichagua kwa sababu kila mtu ameshaibonyeza bila hata kufikiria, wengine wameiweka mpaka neno la siri (kama ni wewe nenda kabadilishe sasa hivi alafu urudi). Ina tarakimu tisa tu, kwa watu wa namba hiyo ni ndogo sana, lakini kwa mkono inatosha kukutoa jasho ukiiendea kichwa kichwa.

Kitu kimoja ukishike toka mwanzo: karibu kila unachotaka kujua kuhusu namba nzima kinatoka kwenye vigawo vyake tasa, yaani zile namba tasa ambazo ukizizidisha zinakurudishia namba yako. Ukishavipata, yaliyobaki ni kuzidisha na kujumlisha. Kwahiyo kazi ngumu ni moja, kuvitafuta, na ujanja wote uko kwenye nini kinaanza na nini kinafuata.

Maneno fasta fasta. Namba tasa inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, kama 7 au 281. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila baki. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Na nikiandika 3^2 namaanisha 3 mara 3. Hayo tu.

Kabla ya yote, kagua kalkuleta yako

Hii watu wanairuka alafu inawala. Kalkuleta zenye nafasi nane tu za kuonyesha namba haziwezi kubeba tarakimu tisa, zinakuzungushia mwisho au zinakuletea ile alama ya hitilafu. Kwenye spredishiti uko salama mpaka tarakimu 15 hivi, ukipita hapo tarakimu za mwisho zinageuzwa sifuri kimya kimya, hakuna onyo wala nini. Na kwenye lugha za programu zinazohifadhi namba zote kama desimali, mpaka wa uhakika ni 2^53 ambayo ni 9,007,199,254,740,992, ukivuka hapo namba mbili jirani zinaweza kuonekana ni namba moja.

Niliwahi kupoteza jioni nzima natafuta vigawo vya namba ya tarakimu 17 kwenye spredishiti, kila nikigawa kwa 5 inakubali, kwa 2 inakubali, nikawa najiona bingwa kweli, kumbe zile tarakimu mbili za mwisho zilishageuzwa 00 toka nilipoibandika. Nilikuwa nachambua namba nyingine kabisa!

Sasa ng'oa vidogo

Anza na vile vinavyoonekana kwa macho. Tarakimu ya mwisho ni 9, kwahiyo sio shufwa na haigawanyiki kwa 5. Umemaliza 2 na 5 bila kugusa kalamu.

Ya 3 na 9 ni kujumlisha tarakimu: 1+2+3+4+5+6+7+8+9 = 45. Hiyo 45 inagawanyika kwa 9, kwahiyo namba yetu nayo inagawanyika kwa 9. Hii sio uchawi, 10 ukiigawa kwa 9 inabaki 1, 100 inabaki 1, 1,000 inabaki 1, kwahiyo kila tarakimu popote ilipokaa inachangia baki sawa na yenyewe tu. Alafu ona kitu kingine hapo hapo: hata ukizichanganya hizo tarakimu tisa utakavyo, jumla itabaki 45 ile ile. Zipo njia 362,880 za kuzipanga na hakuna hata moja itakayokupa namba tasa, zote zinaliwa na 9. Mtu akikutega na swali hilo we jibu tu bila kuandika chochote.

Gawa: 123,456,789 ÷ 9 = 13,717,421. Usiishie hapo, uliza tena kama 3 bado imo. 1+3+7+1+7+4+2+1 = 26, haigawanyiki kwa 3, kwahiyo kwenye namba yetu 3 imekaa mara mbili tu, sio zaidi. Kusahau kuuliza "bado imo?" ndo kosa nililoliona kwa watu wengi kuliko yote, mtu anang'oa 3 moja anasonga mbele, mwisho hesabu zote zinamgomea na hajui kwanini.

Kwa 7, 11 na 13 kuna mbinu moja inayozipiga zote tatu kwa pamoja na mi naipenda sana. 7 × 11 × 13 = 1,001. Sasa 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu, kwahiyo unaikata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, unatoa na kujumlisha kwa zamu: 789 − 456 + 123 = 456. Badala ya kuhangaika na namba ya tarakimu tisa sasa unahangaika na 456 tu, mabaki ni yale yale. 456 kwa 7 inabaki 1. Kwa 11 inabaki 5. Kwa 13 inabaki 1. Zote tatu zimekataa, lakini yaandike hayo mabaki pembeni usiyatupe, tutayahitaji.

Ukijumlisha vile vipande vitatu badala ya kupokezana, 123 + 456 + 789 = 1,368, unapata mbinu ya 37, kwa sababu 999 ni 27 × 37. 1,368 kwa 37 inabaki 36. Nayo andika pembeni.

17 haina mbinu nzuri ya hivyo, kwahiyo tumia baki linalotembea. Unashika tarakimu moja moja kutoka kushoto, unashusha inayofuata, ukivuka 17 unatoa. 12, haijafika. Shusha 3 inakuwa 123, toa 119 inabaki 4. Shusha 4, 44, inabaki 10. Shusha 5, 105, inabaki 3. Shusha 6, 36, inabaki 2. Shusha 7, 27, inabaki 10. Shusha 8, 108, inabaki 6. Shusha 9, 69, inabaki 1. Hii njia inafanya kazi kwa kigawo chochote na kwa namba ya urefu wowote, hata ya tarakimu mia mbili, kwa sababu kichwani hubebi zaidi ya namba mbili tatu ndogo. Kama una kalkuleta, gawa tu: 123,456,789 ÷ 17 = 7,262,164.0588..., chukua kile kipande cha baada ya nukta zidisha kwa 17 unapata 1, ndo baki lako hilo.

Utaenda hivi mpaka wapi?

Sheria ni kwamba unajaribu namba tasa mpaka kipeuo cha pili cha namba yako, kwa sababu vigawo vinakuja kwa jozi na haiwezekani vyote viwili viwe juu ya kipeuo. Kipeuo cha pili cha 123,456,789 ni 11,111 na kitu kidogo (na 11,111 mara yenyewe ni 123,454,321, isome kutoka nyuma uone). Ila sisi tumeshang'oa 9, kwahiyo tunahangaika na 13,717,421 ambayo kipeuo chake ni kama 3,703.7. Tumeshusha mpaka kutoka zaidi ya elfu kumi na moja mpaka elfu tatu na mia saba, ndo faida ya kung'oa vidogo kwanza.

Bado lakini, namba tasa zilizo chini ya 3,703 zinapita mia tano. Ukiamua kugawa moja moja utafika, ila utafika umechoka, maana kigawo tasa cha kwanza cha hii namba baada ya 3 ni namba tasa ya 504. Nakwambia mapema ili usianze.

Njia ya Fermat

Pierre de Fermat, yule mwanasheria wa Ufaransa aliyekuwa anafanya hesabu kama starehe, kwenye barua ya mwaka 1643 alieleza alivyoipasua 2,027,651,281 kwa mkono. Wazo lake: kila namba witiri isiyo tasa unaweza kuiandika kama mraba mmoja (namba iliyozidishwa kwa yenyewe) kutoa mraba mwingine, na mraba kutoa mraba unafunguka hivi: a² − b² = (a − b) × (a + b). Kwahiyo badala ya kutafuta kigawo, tafuta mraba. Anzia juu kidogo ya kipeuo cha pili, panda moja moja, kila mara toa namba yako kwenye mraba uangalie kilichobaki kama nacho ni mraba. Yeye ilimchukua majaribio 12 akapata 44,021 × 46,061.

Sisi tunaanzia 3,704.

3,704² = 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Je ni mraba? Usikimbilie kalkuleta. Mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25, huu umeishia na 95, tupa.

3,705² = 13,727,025. Toa 13,717,421, inabaki 9,604. Inaishia na 04, hiyo inaruhusiwa. Iko karibu na 10,000 ambayo ni 100², hebu jaribu 98: 10,000 − 400 + 4 = 9,604. Ndiyo!

Kwahiyo a = 3,705 na b = 98, vigawo ni 3,705 − 98 = 3,607 na 3,705 + 98 = 3,803. Majaribio mawili, dhidi ya mia tano na kitu. Mi mara ya kwanza kuifanya hii nilirudia kuzidisha mara tatu kwa sababu sikuamini imeisha haraka hivyo.

Na kwa kweli hata jaribio la kwanza halikuwa na haja. 13,717,421 ukiigawa kwa 4 inabaki 1 (angalia 21 ya mwisho tu), na miraba ukiigawa kwa 4 inabaki 0 au 1 basi, kwahiyo lazima a iwe witiri na b iwe shufwa. 3,704 ni shufwa, ilikuwa ya kuruka moja kwa moja. Ukiwa na namba ngumu zaidi hiki kijanja kinakukatia nusu ya kazi.

Usije ukaondoka hapa ukidhani njia ya Fermat ni dawa ya kila kitu. Imefanya kazi kwa sababu 3,607 na 3,803 zimekaa karibu karibu, tofauti yao ni 196 tu. Vigawo vikiwa mbali mbali inakuwa mateso, mbele nitakuonyesha mfano. Hii pia ndo sababu wale wanaotengeneza funguo za RSA, ule mfumo wa kuficha ujumbe uliotoka 1977, wanaangalia namba zao tasa mbili kubwa zisiwe jirani, maana zikiwa jirani mtu anazipasua kwa mbinu ya karne ya 17.

Hakikisha vilivyopatikana ni tasa kweli

Kipeuo cha pili cha 3,607 ni 60 na nukta, kwahiyo jaribu namba tasa mpaka 59. Cha 3,803 ni 61 na nukta, mpaka 61. Hizo ni kama 17 au 18 kwa kila moja, dakika kumi zinatosha. Ukijaribu utaona 3,607 inaponea chupuchupu, 59 × 61 ni 3,599. Zote mbili ni tasa. Kwahiyo:

123,456,789 = 3² × 3,607 × 3,803

Namba ikiwa kubwa kiasi kwamba hata kujaribu mpaka kipeuo haiwezekani, kuna vipimo vinavyokwambia "hii sio tasa" bila kukupa kigawo hata kimoja. Kinachojulikana zaidi kinatokana na Fermat huyo huyo: kama n ni tasa (ukiacha 2 yenyewe), basi 2^(n − 1) ukiigawa kwa n lazima ibaki 1. Jaribu kwa 91: 2^12 ni 4,096 na 4,096 kwa 91 inabaki 1, kwahiyo 2^84 nayo inabaki 1, unamalizia na 2^6 ambayo ni 64. Baki la 2^90 ni 64, sio 1, basi 91 sio tasa, umekamata bila kujua kuwa ni 7 × 13. Ila ukitumia 3 badala ya 2, 3^6 ni 729 ambayo kwa 91 inabaki 1, kwahiyo 3^90 inabaki 1, na 91 inakudanganya mchana kweupe. Na kuna namba kama 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, hiyo inadanganya kwa kila msingi (ile 2 au 3 tuliyokuwa tunaizidisha) usioshirikiana nayo kigawo. Ndo maana programu zinatumia kipimo kilichoboreshwa cha Miller na Rabin, na kwa namba zote zilizo chini ya 3,215,031,751 ukizipima nacho kwa misingi 2, 3, 5 na 7 tu jibu ni la uhakika, sio la kubahatisha.

Mfano mzuri wa kujua bila kupata ni 2^67 − 1. Mwanahisabati Édouard Lucas alionyesha 1876 kwamba sio tasa, lakini vigawo vyenyewe hakuna aliyevijua mpaka 1903 mwanahisabati mwingine, Frank Nelson Cole, alipovileta: 193,707,721 × 761,838,257,287. Miaka 27 watu wanajua mlango upo na ufunguo hawana.

Sasa vuna

Vigawo viko vingapi? Chukua kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 2 kwenye 3², na isipoandikwa ni 1), ongeza moja, zidisha. 3 ina kipeo 2, hizo nyingine mbili kipeo 1 kila moja: 3 × 2 × 2 = 12. Uviandike uvione: 1, 3, 9, 3,607, 3,803, 10,821, 11,409, 32,463, 34,227, 13,717,421, 41,152,263 na yenyewe 123,456,789. Ona pengo kati ya 9 na 3,607, hakuna kitu kabisa katikati, ndo maana ukianza kugawa kwa mkono unakata tamaa.

Jumla ya vigawo vyote: (1 + 3 + 9) × (1 + 3,607) × (1 + 3,803) = 13 × 3,608 × 3,804 = 178,422,816. Toa namba yenyewe unabaki na 54,966,027, ambayo haifiki hata nusu ya namba yetu. Namba ambazo hiyo jumla haifikii namba yenyewe zinaitwa pungufu. Zile ambazo vigawo vyake vinajumlishwa vinarudi sawa sawa na namba yenyewe, kama 6, 28, 496 na 8,128, ni adimu sana.

Namba ngapi kuanzia 1 mpaka kwake hazishirikiani nayo kigawo chochote zaidi ya 1? Hapa unazidisha 6 × 3,606 × 3,802 = 82,260,072. Ile 6 inatoka kwenye 9: kati ya 1 mpaka 9, namba sita hazigawanyiki kwa 3. Ni kama theluthi mbili ya zote, na hiyo inaeleweka, maana 3 peke yake ndo inafukuza theluthi nzima, hizo 3,607 na 3,803 zinafukuza wachache mno.

Ni mraba? Hapana, lakini ona jinsi inavyojaribu kukudanganya. Inaishia na 9, miraba inaruhusiwa. Jumla ya tarakimu inashuka mpaka 9, inaruhusiwa. Kwa 4 inabaki 1, inaruhusiwa. Kwa 8 sasa (angalia 789 tu), inabaki 5, na mraba wa witiri kwa 8 unabaki 1 siku zote. Imekamatwa.

Je unaweza kuiandika kama jumla ya miraba miwili? Hapa ndo napenda. Namba witiri ikibaki 3 kwa 4 jibu ni hapana moja kwa moja, lakini yetu inabaki 1 kwahiyo mtu wa haraka atasema "inawezekana". Sheria kamili, ambayo Fermat aliisema na mwanahisabati Euler akaja kuithibitisha zaidi ya miaka 100 baadaye, inakutaka uangalie vigawo tasa: kila kinachobaki 3 kwa 4 lazima kiwe na kipeo shufwa. 3 iko mara mbili, sawa. 3,607 inabaki 3 kwa 4 na iko mara moja tu. Imeharibu. 3,803 nayo vile vile. Kwahiyo haiwezekani, na usingeweza kulijua hilo kwa kuiangalia kwa nje, ilibidi uipasue. Ukiruhusu miraba mitatu inawezekana, kwa sababu namba zinazogoma miraba mitatu ni zile zinazobaki 7 kwa 8 pamoja na hizo zikizidishwa kwa 4 mara kadhaa, na yetu inabaki 5.

Mraba kutoa mraba je? Namba ina vigawo 12, hizo ni jozi sita, na kila jozi inakupa njia moja. Njia ya kijinga kabisa ni 61,728,395² − 61,728,394², kwa jozi ya 1 na namba yenyewe. Njia ya kubana zaidi ni 11,115² − 294², inatoka kwenye 10,821 × 11,409. Kwahiyo kumbe hata ungeanza njia ya Fermat bila kung'oa 9 ungefika kwenye jaribio la nne tu. Bahati hiyo, usiitegemee.

Kwenye bainari (ule uandishi wa 0 na 1 tu) inaandikwa 111010110111100110100010101, tarakimu 27, moja ziko 16. Sina la ziada hapo, wengine wanapenda kujua.

Ilinganishe na namba nyingine

Igeuze nyuma mbele: 987,654,321. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizi mbili ni ngapi? Usipasue chochote, tumia njia ya Euklidi: gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawa ndogo kwa baki, endelea mpaka baki iwe 0. Inaingia mara nane, 8 × 123,456,789 = 987,654,312, baki 9. Alafu 123,456,789 kwa 9 baki 0. Imeisha, jibu ni 9. Hatua mbili tu, kwa namba za tarakimu tisa tisa. Hiyo njia ina zaidi ya miaka elfu mbili na mpaka leo ndo iko ndani ya programu za kompyuta.

Sasa yale mabaki niliyokwambia uyaandike pembeni. Namba yetu ilibaki 1 kwa 7, ikabaki 1 kwa 13, ikabaki 1 kwa 17. Ukitoa 1, jirani yake wa chini 123,456,788 anagawanyika kwa zote tatu bila wewe kufanya kazi yoyote mpya! Inaishia na 88 kwahiyo 4 nayo imo. Gawa: kwa 4 ni 30,864,197, kwa 7 ni 4,409,171, kwa 13 ni 339,167, kwa 17 ni 19,951. Hiyo 19,951 ndo mfano niliokuahidi. Ukiiendea kwa njia ya Fermat kuanzia 142 utapanda mpaka 176, majaribio 35 kabla hujapata mraba (ukiruka zisizowezekana kama tulivyofanya juu yanapungua, ila bado ni mengi). Ukigawa tu kwa namba tasa kuanzia 19, kwenye jaribio la 13 unaikuta 71, na mwenzake ni 281. Vigawo viko mbali mbali, Fermat anachoka, kugawa kwa kawaida kunashinda.

123,456,788 = 2² × 7 × 13 × 17 × 71 × 281

Hesabu vigawo vyake: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 96. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mmoja ana 12 mwingine ana 96, na hawashirikiani hata kigawo kimoja zaidi ya 1, kwa sababu namba mbili zinazofuatana haziwezi kushirikiana.

Jirani wa juu nakuachia umalizie mwenyewe, ila nakuanzishia: kwa 37 namba yetu ilibaki 36, kwahiyo 123,456,790 inagawanyika kwa 37. Inaishia na 0, igawe kwa 10 pia. Unabaki na 333,667, na hiyo ukiigawa mpaka 577 haitakubali kitu.